Kupanga, Kununua au Kujenga? Safari ya Barabara ya Jogoo

Msomaji atakaye kujifunza habari za makao ya watu wa Nairobi hana haja ya kusafiri mbali. Na apande gari katikati ya mji, ashike barabara ya Landhies mpaka afike penye uwanja wa michezo ambao siku hizi waitwa kwa jina la Joe Kadenge, yule mchezaji mashuhuri wa kandanda. Kisha aifuate Barabara ya Jogoo kuelekea mashariki. Njia hii zamani iliitwa Doonholm. Katika mwendo wa maili chache ataona karibu kila namna ya makao ambayo mtu wa mshahara amepata kuishi humu tangu reli ilipofika hapa mwaka wa 1899.

Safari hii yafaa kufanywa na kila karani, mwalimu au fundi mwenye akiba kidogo anayejiuliza swali hili: Je, niendelee kupanga, ninunue nyumba, au nijenge? Na nikijenga, nijenge mjini au nyumbani kwetu? Si swali dogo. Mtu akinunua kabati baya atakuwa amepoteza mshahara wa mwezi mmoja; lakini akikosea katika nyumba aweza kupoteza akiba ya miaka ishirini, na watoto wake wakakosa karo ya shule kwa sababu hiyo. Basi tutembee pole pole, tutazame, kisha tufanye hesabu.

NYUMBA ZA MWAJIRI

Kwanza tutapita Muthurwa, penye nyumba zilizojengwa na reli kwa ajili ya wafanyakazi wake. Hii ndiyo namna ya kale kabisa ya makao ya mshahara katika Nairobi: mwajiri hujenga, mfanyakazi hukaa. Katika siku zile za ukoloni watu wengi hawakupewa hata chumba, bali nafasi ya kitanda tu katika chumba cha watu kadhaa. Maana ilidhaniwa kwamba mtu huja mjini peke yake, akafanya kazi, kisha akarudi kwa mkewe shambani. Ni mwaka wa 1954 ndipo kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, chini ya uongozi wa Bwana Carpenter, ilipokiri kwamba mfanyakazi yampasa kupata mshahara utakaomwezesha kukaa na jamaa yake.

Kumbukumbu ya desturi hiyo ingaliko katika sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ifaayo, au fedha za kutosha kulipia kodi. Kwa hiyo mtu aonapo katika hati ya mshahara wake neno la posho ya nyumba, ajue kwamba asili yake ni vyumba kama hivi vya Muthurwa.

Lakini nyumba ya mwajiri ina kasoro yake. Kazi ikiisha, nyumba nayo yaisha. Mwaka wa 2010 wakazi wa Muthurwa walipewa ilani ya kuhama, wengine wakiwa wamekaa pale miaka mingi, na shauri lao likafika Mahakama Kuu. Mtu aliyezoea kukaa kwa kodi ndogo katika nyumba ya kazi husahau mara nyingi kuweka akiba, na siku ya kustaafu humjia kama mvua ya ghafula.

PUMWANI: NYUMBA BILA ARDHI

Ukigeuka kidogo upande wa kaskazini utaingia Pumwani, na sehemu yake ya kale iitwayo Majengo. Mtaa huu ulianzishwa mapema katika miaka ya 1920, ili watu waliokuwa wakikaa katika vijiji vilivyotawanyika mjini wakusanywe mahali pamoja. Hapa watu waliruhusiwa kujijengea. Walijenga nyumba za fito na udongo kwa mtindo wa pwani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma kwa kupikia. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja, akapangisha vilivyobaki. Tena wengi wa wenye nyumba hizi walikuwa wanawake, ambao kwa jasho lao walipata mali mjini wakati ambapo kwao mashambani mwanamke hakuweza kurithi hata shamba dogo.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililowafunga wote. Nyumba ilikuwa yao, bali ardhi ilikuwa ya Baraza la Mji. Ruhusa waliyopewa ilikuwa ya muda. Hatari ya jambo hili ilionekana mwishoni mwa miaka ya 1930, kijiji cha Pangani kilipobomolewa. Watu wa Pangani walikuwa na nyumba nzuri na kodi ziliingia kila mwezi, lakini walipoambiwa waondoke hawakuwa na hati ya kuonyesha. Mtaa wa Shauri Moyo, ambao twauona hapa jirani, ulijengwa ili wapate pa kukaa. Na wengi waliokuwa wenye nyumba kule wakaingia hapa kuwa wapangaji.

Hali hii si ya Nairobi peke yake. Mombasa na pwani yote iko mitaa ambako mtu hujenga nyumba juu ya kiwanja cha mwingine na kumlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Ukuta ni wake, mlango ni wake, paa ni lake. Udongo ulio chini si wake. Mtu wa namna hii amekwisha jenga, lakini bado ni mpangaji. Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Nasi twaweza kuongeza kwamba kabla ya kuutazama mlango, yafaa kuitazama hati ya kile kiwanja.

KALOLENI: MPANGAJI WA BARAZA LA MJI

Turudi barabarani. Karibu na uwanja wa michezo ndiko Kaloleni, mtaa uliojengwa na Baraza la Mji katika miaka ya 1940. Nyumba zake ni ndogo, za mawe, zenye paa za vigae, nazo zimepangwa kuzunguka viwanja vya majani na miti. Hapa mtu aliweza kukaa na mke na watoto. Ukumbi wake ulipata sifa katika siku za kudai uhuru, maana watu walikusanyika hapo kuwasikiliza viongozi. Mbele kidogo tutaona mitaa mingine ya namna hiyo: Mbotela, Maringo, Jericho, na mitaa ya Ofafa, iliyopewa jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka wa 1953.

Mpangaji wa mitaa hii kwa miaka mingi alikuwa na bahati. Kodi ilikuwa nafuu kuliko ya nyumba za watu binafsi, kazi ilikuwa karibu, na shule ziko. Wengi walifanya neno la busara: walikaa kwa kodi ndogo, na zile shilingi zilizobaki walizipeleka nyumbani, wakanunua ng'ombe, wakapanda kahawa au chai, wakasomesha watoto. Huyu hakununua nyumba mjini, wala hakupoteza.

Nasema hivi kwa sababu wako watu wanaohubiri kwamba kulipa kodi ni kutupa fedha mtoni. Maneno haya si kweli. Mtu alipaye kodi hununua kitu: hununua mahali pa kulala karibu na kazi yake, na uhuru wa kuhama kazi ikihama. Karani anayeweza kupelekwa Kisumu mwaka huu na Garissa mwaka ujao hana faida ya kujifunga kwa nyumba moja Nairobi. Tena kupanga si aibu, wala mpangaji hana haja ya kujiona mnyonge. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionekana kwamba katika Nairobi, nyumba karibu tisa katika kila kumi hukaliwa na wapangaji.

Fedha hutupwa mtoni na mpangaji aishiye katika nyumba kubwa kuliko haja yake, ili jirani wamwone. Hutupwa pia na yule asiyetaka mapatano ya maandishi wala risiti, ambaye siku ya kugombana na mwenye nyumba hana karatasi hata moja mkononi.

BURUBURU: NYUMBA YA MKOPO

Tukiendelea mashariki tutafika Buruburu. Mtaa huu ulianza kujengwa mwaka wa 1973, kwa awamu tano, ukawa na karibu nyumba 5,000. Serikali, Baraza la Mji na shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola walishirikiana. Nyumba zake zenye vigae vyekundu na uani zilijengwa ili ziuzwe kwa makarani, walimu na maofisa wadogo kwa mkopo wa rehani, na wengi walionunua wakati ule wamemaliza deni zamani. Leo wanazo nyumba zenye thamani kubwa mno kuliko bei waliyolipa.

Basi, je, nasi tufanye vivyo hivyo? Hapa ndipo inapotupasa kuchukua kalamu. Tuseme karani anataka kukopa Shs. 3,000,000/- kwa miaka 20, na benki yatoza riba ya asilimia 13 kwa mwaka. Kila mwezi atalipa kiasi cha Shs. 35,000/-. Katika mwezi wa kwanza, Shs. 32,500/- ya fedha hizo ni riba tupu, na deni lenyewe lapungua kwa shilingi elfu mbili na mia chache tu. Akifika mwisho wa miaka 20 atakuwa amelipa karibu Shs. 8,400,000/-. Yaani amenunua nyumba moja, akalipa bei ya karibu nyumba tatu.

Nyumba ya namna hiyo hiyo, tuseme yaweza kupangwa kwa Shs. 20,000/- kwa mwezi. Tofauti ni Shs. 15,000/-. Mtu akiweka tofauti hiyo katika chama cha akiba na mikopo kila mwezi bila kukosa, baada ya miaka mitano atakuwa na Shs. 900,000/- za kwake, mbali na faida ya akiba. Na vyama vingi vya namna hii humkopesha mwanachama mara tatu ya akiba yake, kwa riba iliyo nafuu mara nyingi kuliko ya benki. Lakini msomaji atie alama chini ya yale maneno "bila kukosa." Mkopo wa benki humlazimisha mtu alipe, akiba humwachia hiari. Mtu ajijuaye kuwa fedha hazikai mfukoni mwake, huenda mkopo ukamfaa kuliko uhuru.

Tena kodi hupanda mwaka hadi mwaka, na malipo ya mkopo yaweza kupanda pia ikiwa riba hubadilika. Na mnunuzi asisahau gharama za pembeni: ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani katika miji, na asilimia 2 mashambani; kisha kuna ada ya wakili na ya mthamini. Haya yote ndiyo sababu mwisho wa mwaka wa 2023 mikopo ya rehani katika Kenya nzima ilikuwa kiasi cha 30,000 tu, katika nchi ya watu milioni hamsini.

Serikali nayo imeingia katika jambo hili. Kwa sheria ya mwezi wa Machi 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri hulipa kiasi kama hicho. Yafaa msomaji ajue kwamba kukatwa huku peke yake hakumpi nyumba. Atakaye nyumba hizo hana budi kuomba na kulipa bei yake.

DANDORA: CHUMBA KWA CHUMBA

Tuvuke barabara ya Outer Ring, twende Dandora. Hapa tutaona jambo lingine kabisa. Mwaka wa 1975 serikali na Benki ya Dunia walipatana kuanzisha mpango wa viwanja kama 6,000 kwa watu wa kipato kidogo. Mtu hakupewa nyumba iliyokwisha. Alipewa kiwanja chenye maji, mfereji wa maji machafu, choo na bafu, na mkopo mdogo wa vifaa. Vilivyobaki alijenga mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Leo chumba kimoja, mwakani cha pili, na vyumba vya ziada hupangishwa ili kodi yake ilipe deni na kununua mawe ya chumba kifuatacho.

Wengi walifanikiwa kwa njia hii. Wengine walishindwa kulipa, wakauza viwanja vyao kwa watu wenye fedha zaidi. Na wote waliobaki walipata jirani ambaye hawakumtaka, maana taka za mji mzima zililetwa kumwagwa pale pale Dandora, na ijapokuwa shimo lile lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, malori hayakuacha kuja.

Mafunzo ya Dandora ni mawili. La kwanza ni kwamba mtu wa kipato kidogo aweza kujenga, iwapo ataanza na maji, choo na chumba kimoja cha imara, badala ya kuanza na msingi wa vyumba sita ambao utaota majani. La pili ni kwamba nyumba haiwezi kuwa njema kuliko mahali ilipo. Mwenye kutafuta kiwanja na aende akakitazame wakati wa mvua na wakati wa jua, asubuhi na usiku. Aulize maji hutoka wapi, na upepo huleta harufu gani.

PLOTI ZA BARABARA YA KANGUNDO

Toka hapo barabara ya Kangundo yatuchukua hadi Ruai, Kamulu na Joska. Pande zote mbili msomaji ataona mabao yenye kutangaza ploti za futi 50 kwa 100. Watu huziita thumuni ya eka, ingawa kwa hesabu ya haki ni pungufu kidogo: thumuni ya eka ni futi za mraba 5,445, na ploti hizi ni 5,000. Jambo hili si kubwa. Lakini muuzaji asiyejali futi 445, huenda hajali mengine.

Hapa ndipo watu wengi wa mshahara wamepata ardhi yao wenyewe, na ndipo wengi wamelia. Mwezi wa Oktoba 2023, huko Mavoko, upande wa barabara ya Mombasa, tingatinga ziliangusha nyumba nyingi za mawe baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ile ni ya kampuni, wala si ya wale waliowauzia watu viwanja. Wenye nyumba walikuwa wamelipa fedha zao, na wengine walikuwa na karatasi. Karatasi hizo hazikutoka katika masjala ya ardhi ya serikali. Mwaka uliofuata, baada ya mafuriko ya Aprili, nyumba zilizokaribia mito ya Nairobi ziliondolewa pia.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, mnunuzi na afanye mambo haya. Achukue nambari ya ardhi, aende masjala mwenyewe au na wakili wake, atafute jina la mwenye mali na kama kuna deni au zuio. Aende na mpima ardhi akaone mawe ya mpaka kwa macho yake. Aulize wazee na majirani, maana wao wajua magomvi ambayo hayajaandikwa. Mapatano yawe ya maandishi, yatiwe sahihi mbele ya mashahidi, kwa sababu mahakama haitambui mauzo ya ardhi ya mdomo. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, kibali cha Bodi ya Ardhi kiombwe katika miezi sita, kwani bila kibali hicho mauzo ni bure. Na wakili wa mnunuzi asiwe wakili wa muuzaji.

NYUMBA YA MJINI NA NYUMBA YA NYUMBANI

Yako mashauri mengine ambayo benki haiyahesabu. Kwa watu wetu wengi, nyumba ya mjini si nyumbani. Neno hili lilijadiliwa mbele ya nchi nzima alipokufa wakili S. M. Otieno mwezi wa Desemba 1986. Alikuwa amekaa Nairobi na jirani zake miaka mingi, na mkewe alitaka azikwe Ngong. Jamaa yake wakadai apelekwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufani iliamua mwezi wa Mei 1987 kwamba azikwe Siaya. Watu hawakukubaliana juu ya hukumu ile, wala hawajakubaliana hata leo. Lakini kila mtu aliyesikia alielewa kwamba kuwa na nyumba ni jambo moja, na kuwa na kwenu ni jambo jingine.

Kwa hiyo karani mwenye shamba la baba yake asidharau kujenga huko nyumba ndogo imara. Lakini pia asijenge kasri la ghorofa litakalolala na popo miezi kumi na moja ya mwaka, huku watoto wake wakibanana katika chumba kimoja mjini. Nyumba yafaa kuwa kubwa pale watu walipo.

Tena mke na mume washauriane. Kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya wote wawili. Anayenunua kwa siri huanza ugomvi kabla ya kuanza msingi.

SHAURI LETU

Baada ya safari hii naona kwamba hakuna jibu moja kwa wote, lakini liko jibu kwa kila mmoja. Mwenye kazi ya kuhamahama, na yule ambaye hana akiba ya kumlisha miezi sita, na apange nyumba ya kadiri yake karibu na kazi, aweke akiba chamani. Mwenye kazi ya kudumu, anayejua atakaa mjini miaka kumi na zaidi, na ambaye malipo ya mkopo hayatapita theluthi moja ya mshahara wake, aweza kununua. Mwenye kipato kidogo lakini subira kubwa, ajenge chumba kwa chumba, juu ya ardhi yenye hati safi. Na yeyote ambaye hajaiona hati hiyo masjalani kwa macho yake, asinunue na asijenge, hata bei ikiwa rahisi namna gani, hata rafiki zake wote wakiwa wamekwisha nunua.

Kama msomaji ana nafasi Jumamosi, na aende aipite njia hii yeye mwenyewe pamoja na mwenzake wa nyumbani, wakiwa na kalamu na karatasi. Nauli yake ni ndogo.